Saa sita usiku kwenye msimbo wa GNSS: kukokotoa mahali pa setilaiti siku inapobadilika

Setilaiti ya GPS, mojawapo ya mifumo ya kutafuta mahali kwa setilaiti (GNSS), husafiri karibu kilomita 3.9 kila sekunde, na haina habari kwamba tarehe imebadilika. Kinachokatika saa sita usiku ni mafaili, namba za wiki, na mazoea ya aliyeandika programu. Ndiyo maana programu inaweza kutoa majiranukta safi mchana kutwa, kisha kati ya 23:45 na 00:15 ikaruka kwa nusu mita, kilomita 50, au kilomita 3,000. Ukubwa wa kosa huonyesha chanzo chake, kwa hiyo kila kosa hapa chini limeandikwa pamoja na kipimo chake. Saa zote zilizoandikwa kwa tarakimu ni za mtindo wa saa 24.

Anza na mhimili mmoja wa wakati

Ndani ya programu kusiwe na "sekunde za siku". Sekunde za siku hurudi sifuri kila usiku, na hapo nodi (pointi ya data yenye wakati wake) iliyofuata 85,500 inakuwa 0 badala ya 86,400. Fomula yoyote inayotoa wakati mmoja kwa mwingine inaharibika papo hapo. Tumia wakati wa GPS (GPST), unaohesabiwa mfululizo tangu tarehe 6 Januari 1980 bila sekunde za nyongeza (zile zinazoongezwa kwenye UTC, saa rasmi ya dunia, ili iende na mzunguko wa dunia), na kila wakati unaosomwa kutoka kwenye faili ubadilishwe kuwa GPST mlangoni kabisa. Kalenda ibaki kwenye kusoma na kuandika tu.

Wakati huo uhifadhi kwa namba mbili: namba kamili (siku za MJD, yaani tarehe ya Julian iliyofupishwa, au sekunde nzima) na sehemu ya sekunde iliyobaki. Namba moja ya desimali ya biti 64 haitoshi, na hesabu yake ni rahisi kufanya. Tarehe ya Julian, hesabu ya siku mfululizo, leo iko juu ya 2,460,000, na kwa ukubwa huo hatua ndogo kabisa ya namba ya biti 64 ni karibu mikrosekunde 40. Setilaiti inasogea sentimita 16 katika muda huo. Sekunde tangu 1980 zina hatua ya mikrosekunde 0.24. Kwa obiti hilo ni chini ya milimita moja, lakini ukizidisha kwa kasi ya mwanga unapata mita 71, kwa hiyo wakati wa aina hiyo usiutumie popote unapohesabu umbali kutokana na muda wa mawimbi. Ukitafuta tofauti ya nyakati mbili, toa kwanza namba kamili, halafu sehemu, ndipo ujumlishe.

MJD ni bora kuliko tarehe ya Julian kwa sababu nyingine pia: tarehe ya Julian hubadilika saa sita mchana, MJD hubadilika saa sita usiku. MJD ya 6 Januari 1980 ni 44244, hivyo:

wiki ya GPS = (MJD − 44244) ÷ 7, chukua namba kamili
siku ya wiki = baki la mgawanyo huo, 0 ni Jumapili na 6 ni Jumamosi

Jina la faili la jana na la kesho lipatikane kwa kuongeza au kupunguza MJD, kisha kujenga jina upya. Ukiongeza moja kwenye tarakimu ya mwisho ya igs19296.sp3 (wiki ya 1929, siku ya 6) utapata igs19297.sp3, faili ambalo halipo. Linalofuata ni igs19300.sp3. Kuanzia wiki ya 2238 (27 Novemba 2022) bidhaa za IGS (huduma ya kimataifa inayotoa obiti na saa sahihi za GNSS) zinatumia majina marefu yenye mwaka na siku ya mwaka, kama IGS0OPSFIN_20223310000_01D_15M_ORB.SP3, na hapo mtego umehamia kwenye siku ya 365 na 366.

Upande wa kuandika una mtego wake mdogo unaosumbua sana. Sekunde 59.99999999 ikichapishwa kwa desimali saba inatoka 60.0000000, na programu nyingine italikataa faili lako. Kadiria wakati kwanza kwa desimali unazotaka kuchapisha, kisha ndipo uuvunje kuwa mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde.

Saa sita usiku ya nani?

Tangu 1 Januari 2017 GPST iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Kwa hiyo faili linaloanza 00:00:00 GPST linaanza 23:59:42 UTC ya siku iliyotangulia. Galileo ya Ulaya imepangwa sawa na GPS, ila wiki zake zilianza kuhesabiwa Agosti 1999, wiki 1024 baada ya GPS. RINEX, muundo wa mafaili ya data za GNSS, inaziandika kwa namba ya GPS. Wakati wa BeiDou ya China uko nyuma ya GPST kwa sekunde 14, na wiki zake zinaanzia 1 Januari 2006, kwa hiyo unaongeza 1356 kupata wiki ya GPS. Jumamosi usiku, kwa sekunde 14 za mwanzo baada ya 00:00:00 GPST, BeiDou bado iko kwenye wiki ya zamani.

GLONASS ya Urusi inafuata UTC pamoja na sekunde zake za nyongeza, na saa yake ya mfumo ni UTC jumlisha saa tatu, yaani siku yake hugeuka saa 21:00 UTC. RINEX inaiandika kwa UTC, hivyo saa tatu zile hutaziona isipokuwa unasoma ujumbe ghafi kutoka kwenye kipokezi.

Ukisahau sekunde 18 utakosea karibu kilomita 70. Ukisahau 14 za BeiDou, zaidi ya kilomita 50. Makosa haya yanaonekana siku nzima, kwa hiyo hugunduliwa mapema. Hatari ni programu inayosahihisha sekunde baada ya kuchagua faili au rekodi: hiyo hukosea kwenye zile sekunde 18 tu za mpakani.

Kipimo cha 00:00:00 ni cha jana

Mawimbi huchukua takriban milisekunde 67 hadi 86 kutoka setilaiti ya GPS hadi ardhini. Kipimo kilichopokelewa 00:00:00.000 kilitumwa karibu 23:59:59.92, siku iliyotangulia. Msimbo unaofungua faili kwa kuangalia tarehe ya kupokea utaomba obiti ya wakati ambao faili hilo halina.

Utaratibu ni huu: chukua wakati wa kupokea, toa umbali uliopimwa uliogawanywa kwa kasi ya mwanga, kisha toa kosa la saa ya setilaiti. Wakati unaobaki ndio unaoamua rekodi, nodi na faili. Baada ya kupata mahali pa setilaiti, zungusha matokeo kwa kiasi ambacho dunia imegeuka mawimbi yakiwa njiani. Ukiuacha mzunguko huo unapoteza mita zaidi ya 100 kwenye nafasi ya setilaiti, na kosa hilo halina uhusiano na usiku, kwa hiyo usilihesabu kuwa ni la mpaka wa siku.

Efemerisi zinazorushwa na setilaiti

Efemerisi ni namba ambazo setilaiti yenyewe hutangaza ili mahali pake pakokotolewe. Hapa mpaka mkali ni wa wiki. Wakati wa marejeo, toe, umeandikwa kwa sekunde za wiki, kuanzia 0 hadi chini ya 604,800. Jumamosi saa 23:30 rekodi iliyo karibu zaidi huwa na toe = 0 ya wiki inayofuata. Kanuni ya kawaida, t ikiwa wakati wa kurushwa kwa mawimbi, ni:

tk = t − toe
kama tk > 302400, basi tk = tk − 604800
kama tk < −302400, basi tk = tk + 604800

Ikiwa una wiki kamili ya toe unaweza kutumia mhimili wa MJD moja kwa moja, mradi uhakikishe wiki hiyo ni ya toe. Kwenye RINEX ni ya toe. Kwenye ujumbe ghafi wa GPS, namba ya wiki ni ya wakati wa kurusha, na wiki inapoisha namba hizo mbili zinaweza kutofautiana kwa moja. Ndiyo sababu vilevile muda wa kurusha kwenye rekodi ya RINEX unaweza kuwa hasi: umerekebishwa ulingane na wiki ya toe. Usiukatae kama data mbovu. Wiki ghafi ya biti 10 nayo hurudi sifuri kila wiki 1024, mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019, itakayofuata ni Novemba 2038. Ongeza 1024 mpaka ufike karibu na tarehe unayoijua.

Sasa kosa la kilomita 3,000. Fomula ya longitudo ya nodi inayopanda (hapa nodi ni mahali obiti inapovuka ikweta kuelekea kaskazini, si pointi ya data) inatumia toe mara mbili: ndani ya tk, na peke yake katika kipande −ωe × toe, ambapo ωe ni kasi ya dunia kujizungusha. Kipande hicho kinataka sekunde za wiki kama zilivyorushwa. Mtu akibadilisha toe = 0 kuwa 604800 ili tk itoke vizuri, kisha akaitumia toe hiyohiyo hapa, anageuza obiti kwa radiani 44.10, yaani mizunguko saba kamili na digrii 6.9 za ziada. Kwenye radiasi ya kilomita 26,560 hiyo ni hadi kilomita 3,200 pembeni. Tk rekebisha, toe ya kipande hiki iache ilivyo.

Kuchagua rekodi: tafuta yenye |t − toe| ndogo kabisa na yenye afya, kutoka kwenye mafaili ya jana, leo na kesho yaliyounganishwa. Usitegemee toe kuangukia saa shufwa kamili. GPS ikipakiwa data mpya, toe huweza kuwa sekunde 16 kabla, mfano 23:59:44, na rekodi hiyo hukaa kwenye faili la siku inayokwisha. Kwa kazi ya wakati halisi ongeza sharti kwamba rekodi iwe imekwisha kurushwa, la sivyo jaribio lako la ofisini litatumia data ambayo kipokezi cha uwanjani hakingekuwa nayo.

GLONASS haina vipengele vya obiti vya namna hiyo. Inatoa mahali, kasi na mchapuko kila nusu saa, kwenye dakika ya 15 na ya 45 za UTC, nawe unasonga kwa Runge-Kutta ya daraja la nne (njia ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua) usizidi dakika 15 kila upande. Angalia kinachotokea 00:00:00 GPST: kwa UTC ni 23:59:42, dakika 14 na sekunde 42 baada ya rekodi ya 23:45, lakini dakika 15 na sekunde 18 kabla ya ile ya 00:15. Rekodi sahihi iko kwenye faili la jana. Ukifungua la leo pekee, GLONASS yote inapotea kwa sekunde 18 za kwanza za siku, na wengi huishia kulegeza kikomo cha dakika 15 bila kujua walichoficha.

Obiti za SP3

Faili la SP3 (orodha ya mahali pa setilaiti kwa nyakati maalumu) la bidhaa ya mwisho ya IGS, yaani iliyo sahihi zaidi, lina epoki (nyakati zilizoorodheshwa) 96 za kila dakika 15, kuanzia 00:00 hadi 23:45. Robo saa ya mwisho haimo. Vituo vingine huweka pia epoki ya 24:00, hivyo zinakuwa 97. Hesabu epoki zilizomo, usikisie.

Kwa interpolesheni ya Lagrange (polinomia inayopitishwa kwenye nodi ili kupata thamani za kati yake) yenye nodi 10, tano kila upande, unahitaji dakika 75 za data kila upande wa wakati unaoutaka. Kwa GPS, kwenye majiranukta yanayozunguka na dunia, kosa la nadharia katikati ya nodi ni karibu milimita 0.1. Kwenye kipindi cha pembeni, kati ya nodi ya mwisho na ya kabla yake, ni karibu milimita 5. Ukitoka nje ya nodi ya mwisho kwa dakika saba na nusu linafika sentimita 9, na kwa dakika 15 linafika nusu mita. Juu ya hapo kuna kosa la kukadiriwa kwa namba za faili: SP3 inaandika hadi milimita, na kutoka nje kwa hatua moja nzima huzidisha kelele ya nodi kwa mamia. Kwa hiyo faili la epoki 96 likiwa peke yake halifai baada ya 23:45, hata ukiongeza daraja la polinomia. Kuongeza daraja huzidisha kelele zaidi.

Dawa ya nusu ya tatizo ni kuzungusha nodi kabla ya interpolesheni. Kwa kila nodi ya wakati ti, pembe ni θ = ωe × (ti − t), ambapo ωe ni 7.2921151467 × 10⁻⁵ radiani kwa sekunde:

x' = x cos θ − y sin θ
y' = x sin θ + y cos θ
z' = z

Mzunguko wa dunia unaondoka kwenye mkunjo, na matokeo ya wakati t yanatoka moja kwa moja kwenye majiranukta ya dunia kwa kuwa hapo θ ni sifuri. Lile kosa la pembeni la milimita 5 linashuka hadi chini ya nusu milimita. Kama kigezo cha polinomia tumia (ti − t) ÷ muda wa hatua, namba ndogo kama −4.5 na 3.5, usitumie maelfu ya sekunde.

Kuunganisha siku tatu kuna mambo manne ya kuangalia. Kwanza, soma mistari ya kichwa ya kila faili: muda wa hatua, mfumo wa wakati na fremu ya marejeo (mfumo wa majiranukta) vilingane. Mpaka wa wiki ya 2237 na 2238 ni mfano mzuri wa pale visivyolingana, kwa kuwa IGS ilihama kutoka fremu ya IGS14 kwenda IGS20 usiku huo. Pili, epoki ya 24:00 ya leo na 00:00 ya kesho ni wakati mmoja. Ukiziacha zote, Lagrange inagawanya kwa sifuri. Linganisha nyakati kwa kuruhusu tofauti ya milisekunde moja, usitumie alama ya usawa. Bakiza moja, na tofauti ya majiranukta yao iandike kwenye kumbukumbu ya programu, kwa sababu ni kipimo cha bure cha ubora wa obiti. Tatu, mahali palipoandikwa 0.000000 kwenye x, y na z ni pengo, si setilaiti iliyo kwenye kiini cha dunia. Setilaiti inaweza kuwamo leo na kukosekana kesho, kwa hiyo nodi zichaguliwe kwa kila setilaiti peke yake. Nne, epoki yenye alama ya M ina marekebisho ya obiti kwa injini; usipitishe polinomia juu yake.

Baada ya hapo lipo swali lenye ubishi: je, upite juu ya mpaka? Kila siku hukokotolewa peke yake, kwa hiyo obiti za siku mbili hazikutani kamili saa sita usiku. Tofauti ya kawaida ya bidhaa za mwisho ni sentimita chache. Polinomia inayopita juu yake huitandaza ngazi hiyo taratibu, na mtikisiko unaobaki karibu na katikati ya nodi ni mdogo kuliko ngazi yenyewe. Uamuzi wetu: kama faili lina epoki 97, baki ndani ya siku, zungusha nodi, na ukubali nodi za upande mmoja. Obiti inabaki ya suluhisho lilelile lililozaa saa za siku hiyo, na makosa ya obiti na saa ya suluhisho moja hufidiana kwa sehemu. Kama lina epoki 96, vuka. Ngazi ya sentimita chache ni nafuu kuliko kutoka nje ya nodi.

Kwa wakati halisi tatizo hili karibu linatoweka ukitumia faili la haraka zaidi la IGS, lenye saa 48, nusu ya kwanza ya vipimo na nusu ya pili ya utabiri, linalotolewa saa 03:00, 09:00, 15:00 na 21:00 UTC. Usibadilishe tu faili katikati ya hesabu ya epoki moja.

Saa za setilaiti

Saa usizipitishie polinomia ya daraja la juu, na usizivushe mpaka bila kupima. Kila suluhisho la siku lina marejeo yake ya wakati, na ngazi kati ya siku mbili inaweza kufika sehemu kubwa ya nanosekunde au zaidi. Nanosekunde moja ni sentimita 30.

Tumia faili la saa la kila sekunde 30 na mstari mnyoofu kati ya pointi mbili. Epoki ya mwisho ikiwa 23:59:30, sekunde 30 zinazobaki zirefushe kwa mwelekeo wa dakika chache za mwisho za siku hiyohiyo. Kosa lake kwa saa za atomu za setilaiti ni dogo kuliko ngazi ambayo ungeivuta ndani. Kujua ngazi yenyewe, chora mstari kwenye dakika 10 za mwisho wa leo na mwingine kwenye dakika 10 za mwanzo wa kesho, kisha toa thamani zao za saa sita usiku. Sehemu iliyo sawa kwa setilaiti zote humezwa na saa ya kipokezi. Inayotofautiana kati ya setilaiti na setilaiti ndiyo itakayokuharibia. Kwenye PPP (kupata mahali kwa kipokezi kimoja na bidhaa sahihi) yenye kutatua namba kamili za mawimbi, anzisha upya namba hizo mpakani, au ruhusu kila setilaiti iruke kwa idadi kamili ya mawimbi. Na thamani 999999.999999 kwenye SP3 maana yake hakuna saa: iondoe kabla ya hesabu yoyote.

Kuna kosa moja linalounganisha obiti na saa, nalo ni gumu kulifuatilia. Saa za IGS hazina sehemu ya rilativiti inayobadilika na obiti, hivyo unaiongeza mwenyewe kwa −2(r·v)/c², ambapo r ni mahali pa setilaiti, v ni kasi yake na c ni kasi ya mwanga. Kasi v mara nyingi hupatikana kwa kutoa mahali pa t kutoka mahali pa t + milisekunde moja. Nyakati hizo mbili zikiangukia seti tofauti za nodi, moja ya jana na moja ya leo, ngazi ya sentimita 3 inagawanywa kwa sekunde 0.001 na kuwa mita 30 kwa sekunde. Ngazi hiyo ikiwa ya kuelekea kiini cha dunia, sehemu ya rilativiti inakosewa kwa karibu nanosekunde 18, yaani mita 5.3, kwenye epoki moja tu. Chagua nodi mara moja na uzitumie kwa nyakati zote mbili, au pata kasi kwa derivativu ya polinomia yenyewe.

Vigezo vya mwelekeo wa dunia vya IGS vimeandikwa kwa saa sita mchana ya kila siku. Saa sita usiku inahitaji thamani ya leo na ya kesho, na wiki inapoisha thamani ya kesho inaweza kuwa kwenye faili jingine.

Usiku wa kujaribia

Usiku wa kuamkia 1 Januari 2017 unatosha kubana karibu kila kitu: siku, mwaka, wiki na sekunde ya nyongeza vilibadilika pamoja. MJD inatoka 57753 kwenda 57754, siku ya mwaka 366 kwenda 1, wiki 1929 siku ya 6 kwenda wiki 1930 siku ya 0. Programu yako inapaswa kutoa:

23:59:59 UTC = 00:00:16 GPST
23:59:60 UTC = 00:00:17 GPST
00:00:00 UTC = 00:00:18 GPST

Kisha kokotoa mahali pa kila setilaiti kuanzia 23:00 hadi 01:00 GPST kila sekunde, kwa SP3 na kwa efemerisi zinazorushwa, na chora tofauti ya tatu ya kila mhimili (toa kila thamani kutoka inayofuata, mara tatu mfululizo). Obiti safi ya SP3 haitoi mruko mkubwa hapo, na kwa efemerisi mruko mdogo wa kubadili rekodi ni wa kawaida. Mruko ukitokea kwenye 23:45 hasa, umetoka nje ya nodi. Ukitokea 23:59:43 au 00:00:17, ni sekunde za nyongeza. Ukitokea 00:00:14, tazama BeiDou. Ukitokea 00:00:00 kwa sentimita chache, hiyo ni ngazi ya data yenyewe, na hakuna msimbo wa kurekebisha.